Mama Mwangwi na Upande wa Pili wa Mlima

Wanaosema mapenzi ni maua na manukato hawajawahi kuiona ndoa ya Mama Mwangwi. Ndoa ile ilikuwa na mlima katikati. Mlima wa kweli, wenye mawe na ukungu na msitu, si ule wa kwenye nyimbo. Mke aliutazama kutoka angani, mume aliupanda kwa miguu, na jioni wakikutana mezani waligombania habari zake kama watoto wanavyogombania ukoko.

Jina la Mama Mwangwi hakuzaliwa nalo. Alipewa na wenzake wa ofisi ya ramani za misitu, kwa sababu kila mgeni aliyeuliza rada ni kitu gani, yeye aliacha kazi yake, akavuta kiti, akaanza: "Ukisimama bondeni ukapiga ukelele, si unasikia sauti yako inarudi? Basi na rada ni hivyo hivyo. Setilaiti inapita huko juu, inapiga ukelele wake, halafu inatega sikio. Penye miti mingi ukelele unagonga shina, unagonga tawi, unarudi na nguvu zake. Penye ardhi tupu unateleza, unakwenda zake. Ndiyo maana msitu unang'aa kwenye picha, na uwanda unakuwa mweusi." Hata aliyekuja kuuliza choo kiko wapi alipata somo hilo hilo, tena akiwa amebanwa.

Na rada waliihitaji kwelikweli. Mlima ule haukuwa na adabu. Ulivaa mawingu mwaka mzima. Enzi za picha za kupigwa kutoka ndegeni, watu walingoja mpaka wakachoka, na picha zikija, mawingu matupu. "Tulikuwa tunahifadhi mawingu kabatini," Mama Mwangwi alikuwa akisema. Rada ilipokuja, isiyojali wingu wala giza, aliipenda kama mtu anavyompenda mkwe mwenye heshima.

Lakini hakuna kizuri kisicho na ila. Rada haitazami chini moja kwa moja. Inatupia jicho kwa ubavuni. Upande wa mlima unaoikabili unang'aa hata kama miti yake ni ya kuokoteza, na upande ulioipa kisogo unaingia giza hata ukiwa msitu wa kutisha. Tena setilaiti ikipita ikipanda kuelekea kaskazini, inaiangaza miteremko ya magharibi. Ikirudi ikishuka kusini, inaiangaza ya mashariki. Ipo hesabu ya kusawazisha mambo hayo kwa kutumia ramani ya miinuko, lakini kwenye mlima uliosimama kama ukuta, hata hesabu inachoka. Kwa hiyo Mama Mwangwi aliweka sheria ofisini: ukilinganisha mwaka huu na mwaka jana, ya kupanda kwa ya kupanda, ya kushuka kwa ya kushuka. "Atakayechanganya nitamchapa," alisema, na wote wakacheka, maana yule mama hata nzi alimfukuza kwa kumwomba radhi.

Mumewe alikuwa Bwana Misitu, mkuu wa walinzi wa msitu huohuo. Walikutana huko huko juu, wote vijana, yeye mke amepelekwa kupima unene wa miti ili waone kama rada inasema kweli. Kijana wa ulinzi akapewa kazi ya kushika ncha ya pili ya utepe. Mti mnene, mmoja upande huu, mwingine upande ule, hawaonani.

"Umefika?" mke akauliza.

"Nimefika zamani, nakungoja wewe," sauti ikajibu kutoka nyuma ya mti.

Walipima miti mingi kuliko waliyoagizwa. Jamani, sayansi nayo ina mambo yake!

Wakaoana, wakazaa, wakasomesha, watoto wakatawanyika kwenda kutafuta maisha. Nyumbani wakabaki wao wawili, pamoja na wifi yake Mama Mwangwi, dada mtu, mjane mwenye ulimi mwepesi na moyo mpana, ambaye alikuja kukaa wiki moja na hakuna aliyekumbuka tena kumuuliza anaondoka lini. Sebule yao ilikuwa ndogo, makochi yamebonyea pale kila mtu anapopapenda, na dirishani, mawingu yakijaaliwa, mlima ulionekana mzima.

"Setilaiti yako haijawahi kuumwa na siafu," Bwana Misitu alikuwa akimchokoza mkewe.

"Na wewe hujawahi kuuona mlima wote kwa mara moja, mume wangu. Unaona mti, hujui msitu."

"Msitu naujua kwa harufu."

"Harufu hiyo ni ya soksi zako," wifi mtu anadakia, na chai inawapalia wote.

Basi ndivyo walivyoishi, mpaka ulipofika mwaka ule wa ramani nyekundu.

Kila mwaka ofisi ilitoa ramani ya mabadiliko: palipopotea miti panapakwa wekundu, palipoongezeka panapakwa kijani. Mwaka ule picha ya kushuka ilichelewa kufika. Mama Mwangwi, ili asikae bure, akachukua ya kupanda, akaiingiza kwenye mtambo wa hesabu kwa kujaribia tu, akijiambia akipata ile yenyewe ataibadilisha. Kesho yake homa ikamwangusha. Aliporudi kazini kichwa bado kizito, akakuta ramani imeshatoka, imechapwa, inamngoja mezani. Akaamini kwamba kazi iliyokamilika ilikamilishwa sawasawa. Na aliyeiacha ile picha ya kupanda mtamboni ni yeye mwenyewe, jambo ambalo homa ilikuwa imelifuta kichwani.

Mteremko wa mashariki ulikuwa mwekundu wote. Ule ambao mumewe aliulinda kwa miaka yote, aliokuwa akiujua jiwe kwa jiwe. Upande wa magharibi, kijani tupu.

Mkuu wa ofisi akamwita. Alikuwa mtu wa haki, mpole, ila akishaamua kitu harudi nyuma. Akafunga mlango.

"Mama, taarifa inapanda juu Jumatatu. Ikipanda hivi, mkuu wa walinzi anasimamishwa kazi, na baada ya hapo sidhani kama atarudi. Najua ni mumeo. Ndiyo maana nakuuliza mara moja tu, na utakalosema nitaliamini. Ramani hii ni sahihi?"

Ah! Wewe ungejibu nini? Akisema ngoja niangalie tena, korido nzima itasema anambeba mumewe. Na ofisini walikuwa wameshaanza. Yupo mmoja alishatamka "kikulacho ki nguoni mwako" karibu na birika la chai, kwa sauti ya kusikika. Mama Mwangwi akapiga moyo konde.

"Ni sahihi, Mkuu."

Alikwenda moja kwa moja nyumbani. Hakutaka mumewe asikie barabarani, akamwambia mwenyewe, wamekaa sebuleni, wifi yuko jikoni ameacha kupekecha mchicha ili asikie vizuri.

Bwana Misitu akaweka kikombe chini.

"Nilikuwa upande wa mashariki juzi," akasema. "Miti imesimama. Nimeigusa kwa mkono huu."

"Ramani inasema..."

"Nakuuliza wewe, mke wangu. Sijaiuliza ramani."

Mama Mwangwi akaikunjua ramani mapajani, akaitazama tena. Mumewe akachukua kofia yake, akaenda kukaa uani. Ilimuuma Mama Mwangwi mpaka kifuani, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakujua amwamini nani.

Wakaanza kununiana. Na kununiana kwa watu wazima ni kichekesho, mradi kusiwe nyumbani kwako. "Wifi, mwambie kaka yako chai iko mezani." Na kaka mtu yuko pale pale, kiwiko chake kinagusa kikombe. "Dada, mwambie wifi yako nimeshaiona."

"Mimi si posta!" wifi akafoka siku ya pili yake. "Nyie watu mnalala kitanda kimoja, mniachie masikio yangu. Wewe kaka, umenuna kama mtu aliyepigwa. Na wewe wifi, hilo likaratasi unalitazama mpaka lini? Hebu nione." Akalivuta, akaligeuza juu chini. "Huku kwekundu nimeambiwa. Na huku kijani?"

"Huko msitu umeongezeka."

"Umeongezeka? Wote huu? Kwa mwaka mmoja?" Wifi akacheka. "Basi huko kuna mbolea nzuri, mkanichukulie gunia nitie kwenye mchicha wangu."

Yeye alitania tu, akarudi zake jikoni. Lakini Mama Mwangwi alibaki ameduwaa. Msitu wa mlimani hauongezeki hivyo. Mti wa kule juu unachukua umri wa mtu kunenepa. Wekundu ulikuwa umewashtua wote, kijani hakuna aliyekiuliza. Ndivyo tulivyo binadamu, hasara tunaichunguza mpaka chini ya uvungu, faida tunaipokea kwa mikono miwili. Mashariki yote imezima na magharibi yote imewaka, mwaka huohuo, mlima huohuo! Akasimama, akatafuta viatu.

"Unakwenda wapi Jumamosi yote hii?" wifi akauliza.

"Kujichapa," akajibu, akatoka.

Ofisi ilikuwa tupu, viti vimepandishwa juu ya meza, mfagizi anaimba mwisho wa korido. Akawasha mashine yake. Hakuchukua muda. Ya mwaka jana: kushuka. Ya mwaka huu: kupanda. Yeye, mwenye sheria yake, alikuwa ameangaza mlima kutoka upande mmoja mwaka jana na upande wa pili mwaka huu, halafu akaita kivuli ukataji. Na ile picha ya kushuka ya mwaka huu ilikuwa imeshafika siku nyingi, imetulia kwenye mashine, haina hata wa kuikaribisha.

Alicheka, akalia, akacheka tena. Mfagizi akachungulia, akaona mama mtu mzima anazunguka na kiti chenye magurudumu, akaondoka taratibu bila kuuliza. Mume wake hakusema uongo! Miti imesimama! Alitamani ampigie simu pale pale, lakini akasema hapana, kwanza kazi iishe, asije akakosea mara mbili.

Akalinganisha ya kushuka kwa ya kushuka. Mteremko wa mashariki ukatoka safi, msitu wake shwari kama mumewe alivyosema. Kwa upande wa magharibi akachukua za kupanda, ya mwaka jana na ya mwaka huu, maana ndizo zinazouona upande ule vizuri. Akasubiri mashine imalize, anapiga miluzi.

Miluzi ikakatika.

Magharibi, ng'ambo ya mgongo wa mlima, kwenye lile bonde la juu lenye miti ya zamani kuliko yote, palikuwa na mashimo mekundu. Yamefuata kijito kama nyayo za mtu asiye na haraka. Alibadilisha mwezi, yakabaki. Akasawazisha upya kwa ramani ya miinuko, yakabaki. Kile kijani cha uongo kilikuwa kimeyafunika yote. Watu walikuwa wanakata miti kule, tena si jana wala juzi. Walikuwa wamekata kwa raha zao tangu masika.

Na kila juma, mezani, mumewe alisema amefika magharibi na huko ni salama.

Mama Mwangwi aliketi mikono mapajani. Kufika bonde lile hakuna njia ila kupanda ngazi ndefu ya mawe na kuuvuka mgongo wa mlima. Akaanza kukumbuka mambo aliyokuwa anayaona bila kuyatazama. Viatu vya mumewe kurudi na udongo wa chini, mwekundu, badala ya ule mweusi wa kule juu. Namna anavyoshuka kitandani asubuhi, kwanza anakaa, anasubiri, kisha anaushika ukuta. Dawa ya kuchua anayosema ni ya baridi. Mke anayeuona mlima kupitia mawingu, goti la mumewe hakuliona. Aibu ilimshika, na huruma ikaizidi aibu.

Na pale pale shetani akaja kukaa naye. Akamwambia: peleka ya mashariki tu. Kosa ni lako, likiri, mumeo anasafishika, mambo yanaisha. Magharibi ni kijani, Mkuu ameshaikubali, nani atauliza? Kwa kweli hakuna ambaye angeuliza. Alikaa na wazo hilo mpaka mfagizi akaja kuulizia funguo.

Alimkuta mumewe uani, wifi yake ametoka. Akavuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Mume wangu, nisamehe. Mashariki iko salama. Kosa lilikuwa langu, nilichanganya picha. Ungekuwa mwingine ungenitukana."

Uso wa Bwana Misitu ulifunguka kama dirisha. Akafungua mdomo aseme la kumtania, akaona macho ya mkewe.

"Kuna lingine," akasema mwenyewe.

"Goti lina muda gani?"

 Kuku wa jirani akapita, akachokorachokora, akaondoka.

"Tangu masika," akasema hatimaye. "Nilifika kwenye ngazi ya mawe, likagoma. Nikajiambia juma lijalo. Juma lijalo likagoma tena."

"Ungetuma vijana."

"Ningewatuma, wangeuliza mbona mimi siendi. Mimi ndiye niliyewafundisha kupanda kule, mama. Nikishindwa ule mlima, mimi ni nani? Mzee wa kukaa kituoni kugawa makoti ya mvua?" Akalishika goti. "Wamekata?"

"Wamekata."

"Sana?"

 Mkewe akamshika mkono, na yule mtu mzima akauinamisha uso wake kwenye mkono ule, mabega yakatikisika. Aliilia ile miti kama mtu anavyolilia nduguze.

Wifi aliporudi na kapu lake akawakuta vilevile. Alipoambiwa, akamkodolea kaka yake. "Mficha maradhi kilio humuumbua. Nilijua! Mwanamume hawezi kuinama kuokota kijiko, anasema hana njaa!" Halafu akaenda kuchemsha maji, akalikanda goti lile akilitukana.

Usiku huo, na Jumapili yote, hawakuzungumza habari ya Jumatatu. Mama Mwangwi hakumwambia atapeleka nini, wala mumewe hakumuuliza, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anaogopa. Jumatatu asubuhi aliamka akakuta kitanda kitupu upande wa pili. Bwana Misitu ametoka, kavaa sare yake, hakuaga.

Akaenda kazini ramani mpya ziko kwapani, zote mbili. Alikuwa amekata kauli, ataanza na kosa lake, kisha magharibi, liwalo na liwe. Njiani alijifunza maneno kama mtoto anayekwenda kusoma mbele ya darasa. Akagonga mlango wa Mkuu, akaingia, maneno yote aliyojifunza akayasahau.

Mumewe alikuwa amekaa pale. Kofia iko magotini, jasho limemlowanisha shingo, maana ofisi ile ilikuwa ghorofa ya juu kabisa na lifti yake ilikuwa pambo tu.

"Mama, karibu," Mkuu akasema. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Mumeo amenieleza habari za magharibi. Ameomba aondolewe mlimani, na amenichorea njia ambayo vijana wapitie leo hii. Wameshaondoka. Kwa hiyo hebu niambie, hizo ulizobeba zinasema nini?"

Akazitandaza mezani. "Zinasema mimi ndiye niliyekosea kwanza, Mkuu. Mashariki ni salama. Magharibi ni kama alivyokwambia."

Mkuu alizitazama, akawatazama wao. Hakuwasifu, na wala haikustahili. Mke alionywa kwa kusema sahihi bila kukagua, mume akavuliwa uongozi wa walinzi pale pale. Akaambiwa kazi ipo ya kufundisha wapya kule chini, akiitaka. Akasema ataitaka, lakini siku hiyo asiulizwe.

Walitoka pamoja. Korido ilinyamaza, milango ikafunguka vichwa vikichungulia. Wakafika kwenye ngazi. Nawe kama hujawahi kuumwa goti, basi nikwambie: kupanda ni taabu, lakini kushuka ndiko adhabu yenyewe. Bwana Misitu alisimama pale juu, ameshika kofia, anazitazama zile ngazi jinsi zinavyozunguka kwenda chini. Hakuwahi katika maisha yake kushikwa na mtu akiwa amevaa sare. Mkewe aliyajua hayo, akakaa pembeni bila kunyoosha mkono, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Mke wangu," akasema, si kwa kunong'ona, ofisi nzima inasikia. "Nishike."

Akamshika, wakashuka.